Taa ya oili haikutengenezewa Nakuru

Najua niliahidi kumaliza ule mfululizo wa hifadhidata, na nitaumaliza. Lakini leo acheni nigombane na kitu kilichonikaa kooni tangu Aprili: ile taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone, pale kwenye dashibodi ya gari lako.

Msimamo wangu nausema mapema, ili asiye na muda aende zake kwa amani. Kama unaendesha gari la mtumba, huna kipimo cha presha ya oili. Una taarifa ya kifo, nayo hutangazwa baada ya mazishi. Nunua geji, ifunge vizuri, uisome. Na wewe fundi unayewaambia wateja "kama kiwanda hakikuweka, basi haihitajiki", vuta kiti, leo ni zamu yako.

Kilichotokea

Mjomba wangu ana gari dogo la mizigo la Kijapani, la aina ambayo ukisimama dakika tano kando ya barabara ya Molo utahesabu hadi uchoke. Alilinunua kwa mkopo wa SACCO. Kazi yake ni kutoa viazi Molo na kuvileta Nakuru, na kurudi na chochote atakachopata. Gari hilo ndilo karo, ndilo unga, ndilo kila kitu.

Mwezi Februari ile taa ikaanza kupepesa akiwa kwenye foleni, injini ikiwa imepata moto. Akikanyaga mafuta kidogo, inazima. Akanipigia simu mimi, kwa sababu katika ukoo wetu aliyesomea kompyuta ni fundi wa kila kitu chenye waya.

"Mpwa wangu, hii taa ya oili inacheza-cheza."

"Ukikanyaga inazima, mjomba?"

"Inazima."

"Basi hiyo ni swichi tu. Ukipata nafasi mwambie fundi aibadilishe."

Ndiyo, hayo niliyasema mimi, mwenye digrii, bila kuona gari, bila kupima chochote. Kazini mtu akiniletea hitilafu nikamjibu hivyo, ningestahili kufukuzwa.

Akaenda kwa fundi, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa ana watoto. Fundi akamwaga oili, akatia nyingine nzito zaidi. Taa ikanyamaza wiki tatu. Iliporudi, fundi akasema swichi imekufa, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na swichi nyingine, akachomoa waya. Taa ikazima kabisa. Mjomba akalipa, akashukuru, akaenda zake.

Aprili, akipandisha Sachangwan na mzigo, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepigilia misumari kwenye mabati. Kabla hajapata mahali pa kuegesha, ilikuwa imeshika. Ilipofunguliwa tukakuta beringi za rodi zimeliwa hadi shaba inaonekana, na krankishafti ina mikwaruzo unayoweza kuihisi kwa ukucha. Gari likakaa gereji wiki saba. Mkopo haukukaa hata siku moja.

Kwa wenzangu tunaoandika programu, angalieni alichofanya yule fundi. Mfumo ulitoa onyo, yeye akafuta mstari unaotoa onyo, kisha akamwambia mteja hitilafu imekwisha. Usicheke sana. Wewe na mimi tumeyafanya hayo saa tano usiku, siku moja kabla ya kukabidhi kazi.

Taa inajua nini hasa?

Inajua kitu kimoja tu. Kwenye bloku ya injini kuna swichi ndogo, na ndani yake kuna kiwambo na springi. Presha ikiwa chini, springi inaunganisha waya na mwili wa gari, taa inawaka. Presha ikipanda, kiwambo kinasukuma, waya unaachana na bodi, taa inazima. Hakuna namba yoyote hapo. Ni jibu la ndiyo au hapana.

Swali ni: ndiyo au hapana ya nini? Katika magari mengi swichi hiyo hubadilisha jibu presha ikiwa chini ya psi 10. (Psi ni pauni kwa inchi mraba, bar 1 ni kama psi 14.5.) Sasa chukua injini ya Subaru ya familia ya EJ, maana hapa Nakuru ukirusha jiwe litaangukia moja. Kitabu cha mafundi kinataka, oili ikiwa na joto la nyuzi 80, angalau psi 14 gari likinguruma bila kukanyagwa, na angalau psi 43 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Soma tena. Ukiwa unapanda mlima kwa mizunguko 5,000 na una psi 15, injini inajiua. Taa inasema nini? Haisemi kitu. Kwake yeye psi 15 na psi 60 ni mamoja.

Ni sawa na seva ambayo haikwambii diski imefika asilimia 80, wala 90, wala 99, inakupigia simu ikishajaa na hifadhidata imeharibika. Tungemwambia nini aliyetuuzia mfumo kama huo?

Na kuna ubaya mwingine. Waya wa swichi ukikatika, taa haiwaki. Presha ikiwa nzuri, taa haiwaki. Yaani "hali ni salama" na "mimi mwenyewe nimekufa" vina sura moja. Fanya jaribio hili leo kabla hujaendelea kusoma: washa ufunguo bila kustati injini. Taa ya oili LAZIMA iwake. Isipowaka, ama balbu imeungua au kuna mtu amekufanyia kama alivyofanyiwa mjomba. Kila asubuhi kwa wiki kadhaa gari lilikuwa likimwambia mjomba kwamba waya haupo. Hakuna aliyemfundisha kuangalia.

Kwa nini walitufanyia hivi

Hapa niwatendee haki watengenezaji, kwa sababu sababu wanayo.

Presha ya oili hupanda na kushuka kutwa nzima. Asubuhi oili ni nzito, mshale uko juu. Injini ikipata moto, mshale unashuka. Ukisimama unashuka zaidi. Yote ni kawaida, lakini dereva asiyejua anaona mshale umeanguka, anaogopa, anarudisha gari dukani. Basi wengine wakaamua kutuliza watu kwa ujanja. Ford, mwishoni mwa miaka ya 1980, waliendelea kuweka mshale wa presha ya oili kwenye malori yao madogo, ila nyuma yake wakaweka swichi ya kawaida na rezista. Presha ikizidi psi chache, mshale unasimama katikati na kutulia hapo. Mazda nao waliipa MX-5 geji ya kweli mwanzoni, kisha kuanzia modeli ya 1995 wakaweka mshale wa namna hiyo hiyo. Yaani ni taa iliyovaa koti la geji. Umelipia kipimo, ukapewa picha ya kipimo.

Hata hivyo, kwa mteja waliyemfikiria, mpango wa taa una mantiki. Mteja huyo yuko Japani. Gari ni jipya na lina dhamana. Oili inabadilishwa kwa wakati, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Gari linapelekwa kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2. Kwa mtu huyo presha ikianguka ghafla ni ajali nadra, mfano jiwe limetoboa sampu, na taa moja nyekundu inatosha kumwambia asimame.

Sasa linganisha na sisi. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari la mtumba lisilozidi miaka 8, na wengi wetu tunanunua lililokaribia ukingo huo kwa kuwa ndilo tunaloweza kulipia. Hatujui lilitunzwa vipi. Tunalipandisha kutoka Nakuru, kama mita 1,850 juu ya bahari, hadi Molo na Mau Summit kwenye mita 2,500 na zaidi, na mzigo nyuma. Tunatia oili ambayo wakati mwingine kibandiko chake ndicho kitu pekee halisi. Kwetu sisi presha haianguki ghafla. Inapungua polepole, mwezi hadi mwezi, beringi zinavyolika. Ugonjwa wetu ni wa kupungua, nao wametupa kipimo cha kuanguka.

Hiki ndicho kiini cha ugomvi wangu. Programu iliyoandikwa kwa mazingira fulani ukiihamishia mazingira mengine, unapitia upya kila dhana iliyojengewa ndani yake. Magari haya tumeyahamisha bila kupitia dhana hata moja. Anayesema "kiwanda hakikuweka" anamnukuu mtu ambaye hakuwahi kumfikiria.

"Lakini mimi nina OBD"

Nilijua mtaleta hiyo. Una kale kadude ka Bluetooth kanakochomekwa chini ya usukani, na programu kwenye simu yenye saa nyingi za kupendeza. Vizuri. Itafute presha ya oili.

Kiwango cha OBD-II kina orodha ya maswali ya kawaida ambayo kompyuta ya gari inaweza kujibu. Swali 0C ni mizunguko ya injini. Swali 0A ni presha ya petroli. Swali 5C ni joto la oili, kwa magari yenye sensa yake. Presha ya oili ya injini haimo kwenye orodha hiyo. Na hata ingekuwamo, kompyuta haiwezi kukujibu kitu ambacho haikipimi: kwenye bloku kuna swichi ya ndiyo au hapana, na programu nzuri kiasi gani haiwezi kutoa namba humo.

Kinachoniuma ni kwamba malori makubwa yanayotumia itifaki ya J1939 yana namba yake rasmi ya presha ya oili ya injini, SPN 100. Lile trela lililokuzibia njia pale Salgaa linaweza kuitangaza presha yake ya oili kwenye nyaya zake huku wewe nyuma yake huijui yako. Wenye malori walishaelewa kwamba injini ni mtaji. Mjomba naye injini yake ni mtaji.

Kuchagua

Kwanza, achana na geji za urembo. Tangu mbio za Safari Rally zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na makao yake yakawa Naivasha, vijana wetu wamepata homa ya kufunga saa tatu kwenye nguzo ya kioo. Nimepanda gari moja ambalo saa hizo ziliunganishwa na taa tu, ziwake usiku. Nilipouliza presha ni ngapi, mwenyewe akaniambia, "Boss, hizo ni za sura."

Geji za kweli ni za aina tatu.

1. Ya kimakanika. Ndani kuna mrija uliopinda, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Presha inauinua mrija, mrija unasukuma mshale. Haihitaji umeme wala haibabaiki. Ubaya wake ni kwamba oili yenyewe, ikiwa moto na yenye presha, inapita kwenye paipu nyembamba hadi ndani mlipo na miguu yako. Kwa majaribio gereji ni bora kuliko zote. Kwa gari la kila siku, siipendi.

2. Ya umeme yenye sensa ya ohm. Sensa inabadilisha ukinzani kulingana na presha. Hapa wengi huumia, kwa sababu hakuna kiwango kimoja. Kuna sensa zinazotoka ohm 10 presha ikiwa sifuri na kupanda hadi kama 180. Kuna nyingine zinaanzia ohm 240 na kushuka hadi 33. Ukioanisha saa ya aina moja na sensa ya aina nyingine, mshale utakwenda kinyume: umezima gari, geji inasema presha imejaa. Nunua saa na sensa kwenye boksi moja. Ukiuziwa sensa peke yake na kuambiwa "hii inaingia zote", ondoka.

3. Ya umeme yenye sensa ya nyaya tatu. Hii ndiyo ninayoipenda. Unaipa volti 5, inakurudishia volti 0.5 presha ikiwa sifuri na volti 4.5 presha ikiwa kamili. Kwa sensa ya psi 100, hesabu ni: psi = (volti − 0.5) × 25. Ukisoma volti 1.3, hiyo ni psi 20. Uzuri wake mkubwa uko kwenye ile 0.5. Kama unasoma volti 0, hiyo si presha sifuri, ni waya umekatika. Sifuri na "hakuna jibu" ni vitu viwili tofauti, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kugombana na safu tupu kwenye hifadhidata analijua. Aliyebuni sensa hii alikuwa mwenzetu.

Nenda na kipimo cha psi 100 au 150. Oili nzito asubuhi ya baridi Molo inaweza kuipita psi 80, kwa hiyo geji ndogo itagonga ukuta.

Jambo la sisi watu wa mlimani: baadhi ya geji na sensa zimezibwa zikiwa na hewa ya usawa wa bahari ndani. Hapa Nakuru presha ya hewa ni pungufu kwa kama psi 3, hivyo zitasoma chini kwa kiasi hicho. Kwenye psi 60 si kitu. Kwenye psi 12 ni kitu. Tafuta yenye tundu la hewa, au jua kasoro yako na uihesabu.

Kufunga

Sitaandika mwongozo wa kila gari. Nitaandika mahali watu wanapoharibu.

Thredi. Magari mengi ya Kijapani yana tundu la swichi la thredi ya BSPT ya 1/8: thredi 28 kwa inchi, pembe ya nyuzi 55. Geji nyingi za muundo wa Kimarekani huja na NPT ya 1/8: thredi 27 kwa inchi, pembe ya nyuzi 60. Tofauti ni moja tu kwa inchi, kwa hiyo NPT itaingia raundi mbili tatu kwenye tundu la BSPT na utadhani umefaulu. Kisha itakaza, utaongeza spana, na utapasua bloku ya aluminiamu au utabaki na kitu kinachovuja milele. Nunua adapta yake. Ni shaba ndogo ya bei ya soda kadhaa.

Usiondoe swichi ya zamani. Tumia tii, yaani kiungio cha njia tatu, ili taa ibaki na geji iongezwe. Nimeitukana taa makala nzima, lakini kama mlinzi wa mwisho ana kazi yake. Nisichokubali ni awe mlinzi wa pekee.

Usining'inize sensa kwenye tii ya shaba juu ya bloku. Sensa ni nzito, injini inatetemeka, shaba inachoka, siku moja inakatika shingo na oili yote inamwagika barabarani. Utakuwa umeua injini kwa kifaa cha kuilinda. Tumia paipu fupi iliyofumwa nyaya za chuma, toka kwenye bloku hadi mahali imara kwenye bodi, na sensa ukaifunge hapo. Kumbuka: sensa ya waya mmoja hupata ardhi kupitia mwili wake, kwa hiyo ukiihamisha ipe waya wa ardhi, la sivyo itasoma uongo.

Usitumie tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kipande chake kikikatika kitasafiri na oili hadi kwenye tundu dogo linalolisha beringi, nacho hakitauliza njia. Tumia gundi ya majimaji ya thredi, kidogo, ukiacha thredi ya kwanza tupu.

Njia nyingine ni kisahani kinachokaa kati ya filta ya oili na bloku, chenye matundu ya sensa. Ni safi zaidi, ila angalia thredi ya filta yako: Subaru na wengine ni M20×1.5, Toyota nyingi ni 3/4-16. Usikisie.

Umeme. Chomoa betri kwanza. Umeme wa geji utoke kwenye saketi inayowaka na ufunguo, na uwe na fyuzi yake ndogo. Waya upite kwenye tundu lenye raba kati ya injini na chumba cha dereva, usipite kwenye chuma kitupu. Nimeona gari likifuka moshi kwa sababu ya waya wa saa ya mapambo.

Ukimaliza, stati, angalia geji inapanda ndani ya sekunde chache, kisha tazama kila kiungio kwa tochi. Acha injini ipate moto, tazama tena. Endesha kama kilomita 100, tazama mara ya tatu. Kama hupendi kutazama mara tatu, rudi kwenye taa.

Kuisoma

Geji isiyosomwa ni saa ya sura tu. Katika wiki ya kwanza andika namba nne: asubuhi injini ikiwa baridi, ikiwa moto na gari limesimama, ikiwa moto kwenye mizunguko 3,000, na ukiwa kwenye mlima wako wa kila siku. Hizo ndizo namba zako za msingi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria, psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, lakini kitabu cha injini yako kina nguvu kuliko kanuni, na mabadiliko ya namba zako mwenyewe yana nguvu kuliko yote. Leo psi 22 ukisimama, baada ya miezi mitatu psi 16, baada ya mitatu mingine psi 11, kwa oili ileile na joto lilelile: hiyo ni barua kutoka kwa beringi zako, imeandikwa mapema na inaomba jibu.

Na hapa nirudi kwa fundi wa oili nzito. Oili nzito itakupandishia mshale, kweli. Lakini presha si mtiririko. Presha ni ukinzani wa oili inapojipenyeza kwenye nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele kati ya beringi na shafti. Nafasi ikipanuka kwa kulika, oili inapita kirahisi na presha inashuka. Ukitia oili nzito, ukinzani unarudi, namba inapendeza, na nafasi bado imepanuka. Umebadilisha namba bila kubadilisha hali. Mara nyingine ni dawa ya kusogeza siku, sikatai, mtu akiwa hana pesa ya kufungua injini. Lakini iitwe kwa jina lake na mwenye gari aambiwe. Mjomba hakuambiwa. Alidhani amepona.

Ninachodai

Sidai kwamba geji ingeokoa ile injini. Beringi zilikuwa zimeshaanza kulika, na geji haitibu. Ninachosema ni kwamba Februari, kwenye ile simu, kungekuwa na namba. Mjomba angesema "mpwa wangu, ikisimama inasoma nane, zamani ilikuwa ishirini", na hata mimi na ujuaji wangu nisingeweza kujibu "ni swichi tu". Angesimamisha gari, angefungua sampu, angebadilisha beringi kabla hazijala shafti. Ingeuma, lakini ingekuwa kazi ya siku mbili.

Anayelipa injini ndiye mwenye haki ya kuona namba. Si kiwanda, kilichomaliza hesabu zake na mnunuzi wa kwanza. Si fundi, anayelipwa hata ikifa. Mkopo wa SACCO uko kwa jina la nani? Basi huyo ndiye anayepaswa kuonyeshwa.

Injini ya pili tuliifunga Juni, na kabla gari halijatoka gereji nikafunga geji mwenyewe: sensa ya nyaya tatu, paipu ya chuma, adapta ya thredi, taa ya zamani ikiwa na waya wake. Gharama yote haikufika hata malipo ya kutoa injini na kuirudisha. Kwenye kisanduku cha mbele kuna daftari la shule la kurasa 48. Mjomba anaandika kila Jumamosi. Jumamosi iliyopita alinipigia kutoka Molo.

"Mpwa wangu, leo ni kumi na tisa. Wiki jana ilikuwa ishirini na moja."

"Oili ni ileile, mjomba?"

"Ileile. Lakini leo jua ni kali na nimetoka kupanda sasa hivi."

"Basi iache ipoe, upime tena kesho kama unavyopima siku zote."

Jumapili alikuta ishirini na moja. Wiki hii anapima tena.